Kitabu Kilichoandikiwa Wifi

Mhariri alimuuliza swali jepesi tu. Alikuwa mzee mpole mwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya shule, na rundo la karatasi za yule mama lilikuwa mbele yake mezani.

"Mama, kitabu hiki unamwandikia nani?"

"Wanaouguza wagonjwa nyumbani," akajibu palepale, bila hata kumeza mate.

Uongo mtupu! Uongo wa mchana kweupe, na msemaji mwenyewe hakujua kuwa anasema uongo, kwa sababu alikuwa ameurudia moyoni mwaka mzima mpaka ukamkolea.

Nyumbani walimwita Masijala. Jina hilo alipewa na wifi yake, na wala halikuwa jina la mapenzi. Zamani huyu mama alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya serikali, chumba cha ghorofa ya chini chenye rafu zilizogusa dari. Kazi yake ilikuwa kujua kila jalada liko wapi, nani kalichukua, lini, na kama amelirudisha. Miaka kumi na minne hakupoteza jalada hata moja. Wakubwa wenyewe walimwogopa. Bosi akikalia jalada siku mbili zaidi, Masijala alipanda ngazi mpaka mezani kwake, akasimama kimya na daftari mkononi, na jalada likapatikana.

Kisha mama mkwe akaanguka bafuni. Kiharusi. Alipozinduka hana mkono wa kulia, hana mguu wa kulia, hana maneno. Familia ikakaa sebuleni kushauriana, na aliyeshauri alikuwa mmoja tu: dada mkubwa wa mume, mwanamke mwenye sauti ambayo mtaa mzima uliiita Tarumbeta, naye akalipenda jina.

"Mama yetu hawezi kuachiwa mtu wa kuajiriwa," alisema. "Watu watatuelewaje? Mama ni wetu. Tutasaidiana."

Mume wa Masijala alikuwa fundi wa lifti, mtu hodari kazini, asiyeogopa kuning'inia katika shimo la ghorofa kumi. Ila mbele ya dada yake alikuwa bubu. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu wote wawili wakamgeukia Masijala, wakamtazama, na mwezi uliofuata akaacha kazi.

Tutasaidiana! Miaka tisa hiyo. Neno lile Masijala alilitafuna miaka tisa likagoma kumezeka.

Lakini karani ni karani. Wiki ya kwanza tu alichukua daftari kubwa lenye jalada gumu, akapiga mistari kwa rula: saa, upande, chakula, haja, dawa. Mgonjwa akageuzwa kila baada ya saa mbili, ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia, mto katikati ya magoti, visigino vikielea visiguse godoro. Kila akigeuzwa, mstari mmoja unaandikwa. Na ukingoni kabisa mwa ukurasa Masijala aliongeza safu moja ambayo hakuna daktari aliyemwagiza. Aliiandika juu yake "Waliofika."

Safu hiyo ilikuwa nyeupe ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka mzima wa nne Tarumbeta alikuwa na mistari mitatu: dakika arobaini, dakika ishirini na tano, na siku ile ambayo hakuingia hata chumbani, kwa kuwa, alisema, harufu ya dawa inampanda kichwani. Dawa gani? Mgonjwa alikuwa anakunywa vidonge vya presha, vina harufu gani vidonge vya presha? Ile ilikuwa harufu ya mama yake. Na Tarumbeta alikuwa anakaa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, tena miguu ya mtu asiye na haraka.

Siku moja Tarumbeta alilifungua lile daftari akaiona safu. Alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Hee! Kumbe tunachukuliwa mahudhurio! Wifi, hapa ni nyumbani, siyo masijala."

Na jina likakaa. Mumewe naye akaanza kumwita hivyo, kwa utani, na mama wa watu akaitikia, maana angefanyaje?

Mama mkwe alipofariki hakuwa na kidonda hata kimoja. Miaka tisa kitandani! Muuguzi wa wodi aliyempokea siku za mwisho alimkagua mgongo, kiuno, visigino, akaita wenzake waje kuona. "Nani alikuwa anamtunza huyu?" akauliza. Masijala alikuwa ameenda kuchukua dawa dirishani. Mumewe akajibu, "Familia."

Siku ya mazishi Tarumbeta alishikiliwa na watu wawili, mmoja kila upande, kwa jinsi alivyolia. Msemaji akawashukuru watoto wa marehemu kwa kumtunza mama yao hadi pumzi ya mwisho. Masijala aliyasikia maneno hayo akiwa uani, anasuuza vikombe vya wageni, na damu ikamchemka hadi masikioni. Hakutaka wamlipe. Hakutaka wamshangilie. Alitaka watu wajue, basi. Mtu mmoja tu, mahali fulani, aseme: wewe ndiye uliyefanya. Hapo ndipo kitabu kilipozaliwa, pale kwenye karai la vikombe, na ndiyo maana kilizaliwa na hasira.

Aliandika miezi kumi na moja, asubuhi, kwenye meza ya chakula, madaftari tisa yamepangwa kando yake kwa mwaka. Sura ya kwanza aliiita "Kumgeuza Mgonjwa," nayo ilianza hivi: "Tarehe tatu mwezi wa sita, siku ya Jumapili, mgonjwa aligeuzwa mara kumi na mbili. Binti yake hakufika." Sura ya kulisha ilianza na kijiko kidogo ambacho binti wa mgonjwa aliahidi kukileta asikilete. Sura ya usafi wa kitanda ndiyo usiseme: kurasa saba nzima za shuka zilizoahidiwa. Kila alichokijua kilikuwemo mle, tena alikijua vizuri kuliko wengi waliosomea, ila ili ukifikie ulitakiwa kuvuka kwanza kijito, kisha bonde, kisha wifi.

Mumewe alizisoma kurasa mbili akiwa amesimama, boksi la vifaa mkononi.

"Sasa haya ya dada yanahusu nini?"

"Yanahusu uuguzi," Masijala akamjibu.

Fundi akaweka karatasi chini taratibu, akaenda kazini. Wiki nzima aliongea naye mambo ya chumvi na umeme tu.

Sasa turudi kwa mhariri na swali lake. Mzee hakubishana. Alizipangapanga karatasi, akasema, "Nimesoma mara mbili. Kuandika unajua, sikatai. Lakini nimejiona kama mtu aliyebisha hodi nyumba ya watu akakuta ugomvi ndani. Humu unaongea na mtu, mama, ila huyo mtu siyo mimi. Hao wanaouguza, umewahi kukaa nao ukawasomea?"

Hakuwahi.

"Kawasomee. Halafu rudi uniambie walisikiliza nini na walisikilizaje. Uniambie yote."

Jumanne asubuhi Masijala akaenda hospitali, idara ya mazoezi ya viungo, kwenye ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao kila upande. Hapo ndipo watu wanapowaleta wagonjwa wao wasiotembea, na wanasubiri. Wanasubiri hasa. Alijitambulisha, akasema anaandika kitabu, je, wangependa asome kidogo? Wanawake wakasogeza vikapu, wakampa nafasi. Nani anakataa kusomewa akiwa amekaa saa mbili anatazama ukuta?

Akasoma. Lahaula! Ukumbi ulichangamka. "Huyo wifi huyo!" mmoja akasema akipiga paja. "Ana mapacha wake kwetu," mwingine akadakia. "Mimi wangu hata simu hapigi, anatuma salamu kwa jirani." "Rudia hapo pa harufu, dada, rudia!" Wakacheka mpaka mhudumu wa mapokezi akachungulia dirishani, na wengine walicheka huku wanafuta macho kwa ncha ya kanga. Masijala akavimba kifua. Miaka yote hiyo alikuwa hajapata watu wa kumwelewa namna ile.

Mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mkono wake ukiwa juu ya kiti cha magurudumu cha mumewe, mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akaumia uti wa mgongo. Alisikiliza tu, macho makavu. Kimya kilipopatikana akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Samahani dada yangu. Hapa juu ya makalio yake pamekuwa pagumu, tena pana joto kuliko pengine. Tangu juzi. Nifanyeje? Kitabu kinasema?"

"Kinasema," Masijala akamwambia. Na kweli kilisema. Alijua kabisa kuwa alikiandika, kwamba kwenye ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu, upapase kwa mgongo wa kiganja, na palipo na joto au ugumu ndipo kidonda kinapoanza, usipakandamize wala kupasugua, umtoe mgonjwa upande huo kabisa. Alitaka kusoma kama kilivyoandikwa. Akafungua ukurasa wa tisa: shuka. Wa kumi na mbili: shuka bado. Wa kumi na tano: simu ambayo haikupokelewa. Muuguzi akaita jina kutoka ndani, zamu ya mwashi ikafika, kiti kikasukumwa mlangoni na mkewe akamfuata huku akigeuka nyuma kumtazama, na Masijala bado anapekua.

Yeye! Yeye ambaye hakupoteza jalada miaka kumi na minne!

Aliukuta mstari ule ukurasa wa ishirini na tatu, nusu sentensi, umebanwa kati ya mambo mawili ya Tarumbeta. Akaunakili kwenye kipande cha karatasi, akaongeza yote aliyokuwa anayajua, akasubiri mlangoni mpaka wale watu walipotoka, akampa mke wa mwashi mkononi. Mwanamke akaisoma hapohapo, midomo ikicheza, akaikunja akaitia kifuani.

Kurudi kwa mhariri, Masijala alimweleza habari ya ukurasa wa ishirini na tatu kwa aibu, nusura alie. Akamwambia kwamba sasa amemwona anayemwandikia, ana uso, ana mume kwenye kiti. Vicheko hakuvitaja. Alivihesabu kuwa umbea wa kupitisha wakati, akaviacha kulekule kwenye benchi. Aliambiwa aeleze yote, akaeleza nusu, na hilo ndilo kosa lake. Mtu wa kumbukumbu kama yeye!

Akaenda nyumbani akamtoa wifi. Alimtoa kama mtu anayeng'oa magugu, shina na mizizi. Tarehe zikatoka, mabinti wasiofika wakatoka, shuka zikatoka, safu ya "Waliofika" ikatoka. Usidhani haikumuuma. Kila mstari aliofuta ulikuwa siku yake moja ambayo sasa hakuna atakayeijua, na kuna asubuhi alisimama katikati ya sentensi akaenda kukaa kwenye chumba kitupu cha mama mkwe, akalia kwa hasira. Halafu anamkumbuka mke wa mwashi akigeuka nyuma mlangoni, anarudi mezani. Kilichobaki kilikuwa kitabu chembamba, chenye herufi kubwa: mgonjwa anageuzwa hivi, analishwa hivi kidevu kikiwa kimeinama, anakalishwa nusu saa baada ya kula, ngozi inapapaswa hivi. Ukurasa wa mbele aliweka mstari mmoja wa kumkumbuka mama mkwe wake.

"Yule wifi umemtoa wote?" mhariri akauliza.

"Wote."

"Hukumwacha hata kidogo?"

"Kitabu siyo chake."

Mzee akazipangapanga tena karatasi. "Haya. Mwenye kitabu ni wewe."

Mumewe alikisoma chote, safari hii akiwa amekaa. "Sasa hiki ndicho kitabu," akasema, na uso wake ulikuwa na raha ya mtu aliyefutiwa kesi.

Kitabu kikatembea. Wauguzi walikishika, mabenchi yale yakakishika, watu wakaazimana hadi pembe za kurasa zikajikunja. Na kwa kuwa kilitembea, kikafika kwenye kikundi cha akina mama cha Tarumbeta. Kesho yake saa tatu asubuhi sauti ilitangulia, mwenyewe akafuata.

"Wiiifi! Mbona hukuniambia umemwandika mama? Nimeona jina la mama yetu pale mbele, nimelia mie, nimelia!"

Akamkumbatia. Masijala akasimama kama gogo. Tangu siku hiyo Tarumbeta akawa mwenye kitabu. Alivichukua vitano vitano kuwapelekea marafiki zake. Alikisoma, tena alikisoma kwa makini, hilo tumpe haki yake, na alichokisoma akakishika kichwani. Watu wakimuuliza, anajibu bila kukwama: kila baada ya saa mbili, kushoto, chali, kulia, mto katikati ya magoti. "Usiku na mchana, jamani. Miaka tisa. Wifi ameandika tu yale tuliyokuwa tunayafanya sote." Yaani kitabu chenyewe ndicho kilichomfundisha la kusema. Na Masijala amkanushe kwa kitu gani? Ushahidi aliufuta kitabuni kwa mkono wake, na madaftari yale nani angeyafungua?

Jumamosi moja Tarumbeta akaja na wenzake watatu wa kikundi, wamevaa wamependeza, waje kumwona mwandishi. Mume alikuwepo, anamimina chai. Tarumbeta alikuwa amesimama katikati ya sebule, anaonyesha kwa mto wa kochi jinsi visigino vinavyoinuliwa, mtu akabisha hodi. Alikuwa mke wa mwashi. Alikuwa amekonda, gauni limemlegea mabegani, na kitabu kiko mkononi, kimevimba kwa kulowa maji.

"Shikamoo mama," akamwamkia Tarumbeta kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha wengine. Halafu akamgeukia Masijala. "Dada, sikai, nimemwacha na jirani. Nimekuja kukushukuru. Mpaka leo hana kidonda. Pale mahali palipona."

Wageni wakapiga makofi. Masijala akamshika mikono.

"Ila kuna kitu nilitaka kuuliza," mke wa mwashi akaendelea, sauti imeshuka. "Yule wifi yuko wapi? Yule uliyetusomea kwenye benchi, asiyefika. Nimemtafuta ukurasa kwa ukurasa. Mimi sikucheka siku ile kwa sababu yote yale yananipata. Ndugu zake mume wangu wamenitupa, tangu ajali hawajakanyaga. Nikakaa nasema, kitabu kikitoka nitakuwa nacho mle ndani kwangu, nikizidiwa nafungua, naona kuna mwenzangu. Nilipokipata, hayumo. Humu hakuna aliyeachwa. Nikawaza, labda kwa wenzangu wote watu wanakuja, ni mimi tu nina kasoro."

Tarumbeta bado ameushika mto. Marafiki zake watatu wakatazamana, wakamtazama yeye.

"Wifi gani tena huyo?" Tarumbeta akauliza, akicheka kidogo. "Wifi, kuna wifi gani?"

Sema, mama! Si ndilo ulilokuwa unalingoja tangu kwenye karai la vikombe? Mashahidi wamekaa, mshtakiwa amesimama, na anayeuliza ndiye yule yule uliyesema unamwandikia. Masijala akafungua kinywa. Akamwona mumewe, birika mkononi, anamtikisia kichwa kidogo sana, macho yanamsihi. Akawaona wageni na vikombe vyao. Na miaka tisa ya kunyamaza humfanya mtu mzoefu wa kunyamaza; ulimi ulishajua njia yake.

"Nilimtunga," akasema. "Yule wifi nilimtunga tu, ili mchangamke pale. Hakuwepo."

"Si nilijua!" Tarumbeta akasema, akakaa. "Waandishi nyie! Sisi hapa tulisaidiana mwanzo mwisho."

Mke wa mwashi hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akakiweka kitabu mezani, polepole, kando ya sahani ya biskuti.

"Sawa, dada," akasema. "Mimi nilidhani tuko wawili."

Akaaga kila mtu kwa heshima, mmoja mmoja, akatoka. Wakazisikia ndala zake mpaka zikaishia barabarani.

"Maskini," Tarumbeta akasema, akinyoosha mkono kuchukua chai yake. "Ndugu gani hao wanaoweza kumwacha mtu peke yake na mgonjwa?"

Mle sebuleni walikuwemo watatu waliolijua jibu, mume, mke, na muulizaji mwenyewe, na hakuna aliyelitoa.